Baba, Ke

Zahanati yetu iko ndani ya kambi, upande wa Musoma ambako upepo wa ziwa huingia madirishani na kuondoka na kila karatasi isiyowekewa kitu. Juu ya kila faili mezani kwangu kulikuwa na jiwe. Mawe yale niliyaokota nyumbani kwetu Bukima, pale ambapo wanawake huanika dagaa, na nilikuwa nayafahamu kwa umbo: hili la rufaa, hili la chanjo, hili la wategemezi.

Mimi si askari. Ni mtumishi raia, nimeajiriwa kuangalia ubora wa takwimu. Nikiwaeleza majirani zangu wa Kamunyonge kazi hiyo, hunitazama kwa heshima halafu huuliza kama naweza kuwasaidia kupata dawa. Kwa kifupi, kila askari ana mstari wake katika mfumo wa kompyuta, na chini yake wako wategemezi wake: mke au mume, watoto, baba na mama. Kazi yangu ni kuhakikisha kila mstari una mtu, na mtu huyo anafanana na mstari wake.

Jumatatu asubuhi, kabla foleni haijafika mlango wa maabara, mfumo ulikuwa unatoa orodha ya makosa. Kulikuwa na mtoto aliyezaliwa kabla ya mama yake. Kulikuwa na mwanamume aliyeandikiwa kadi ya kliniki ya wajawazito, na kichanga cha kilo thelathini na mbili kwa sababu mtu alisahau nukta. Nilikuwa napita meza kwa meza nikiuliza, na koplo wa mapokezi, kijana mcheshi kutoka Songea, akanibandika jina la Mama Makosa.

"Mama Makosa amefika," alikuwa akitangaza. "Ficheni dhambi zenu."

Makao makuu walikuwa wanatuma jedwali la zahanati zote za jeshi, nasi tunalibandika ukutani, karibu na dirisha la dawa. Zahanati isiyo na kosa iliwekewa kijani. Yenye hata kosa moja, nyekundu. Sisi tulikuwa kijani muda mrefu. Mkuu wetu wa zahanati, daktari mwenye cheo cha meja, mtu wa Tanga asiyepandisha sauti, alikuwa akipita pale na kikombe chake cha chai, anasimama kidogo, kisha anaendelea na safari. Hakuwahi kusema lolote kuhusu ile rangi. Lakini alisimama kila mara.

Jumanne moja niliwakuta wanawake wawili kwenye benchi nje ya ofisi yangu. Mmoja alikuwa mzee sana, mrefu, ameshika fimbo, na jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kabisa. La kulia lilikuwa wazi lakini limefunikwa na ukungu mweupe. Wa pili, mama wa makamo, alikuwa amepakata mfuko wa nailoni wenye karatasi ndani.

"Tumerudishwa," alisema huyu wa makamo.

"Mmerudishwa na nani, mama?"

"Bunda, kwa madaktari wa macho. Wamesema karatasi ni ya mwanaume."

Mzee akageuza uso kufuata sauti yangu. "Nikamuuliza yule nesi, mwanangu, sasa nifunue nini ndiyo uamini?"

"Wewe!" Mwenzake alimpiga paja. "Mbele za watu!"

"Watu gani? Mimi siwaoni."

Nilitoa karatasi mfukoni mwa nailoni. Ilikuwa barua ya rufaa, imechapwa na mfumo wetu, safi, haina doa. Mgonjwa: jina lake. Uhusiano na askari: Baba. Jinsi: Me. Kitambulisho chake cha taifa, kilichokuwa kimebanwa nyuma yake, kilisema Ke. Nesi wa Bunda alifanya sawa kabisa. Hakuna anayepaswa kumpasua mtu jicho wakati karatasi zake zinabishana.

Madaktari wale walikuwa wageni, wamekuja kwa wiki ile tu, na Ijumaa wangeondoka. Jicho la kushoto la yule mzee lilitobolewa na pembe ya ndama miaka mingi nyuma. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na ndilo alilobaki nalo.

Nikamwendea koplo.

"Huyu bibi nani alimweka Me?"

Koplo akaangalia skrini, wala hakusita. "Mimi, dada. Alikuwa anatuletea kosa kila Jumatatu. Mwanawe, yule sajenti, alijaza Baba halafu akaweka Ke. Nikajua kidole kimeteleza. Baba gani ni Ke?"

"Hukumpigia simu?"

"Kwa herufi moja?"

Nilimwelewa. Sheria ya mfumo ilitoka juu, nayo ilisema mstari wa baba lazima uwe Me. Mtu wa Songea anaona Ke kwenye mstari wa baba, anaona kosa. Mimi niliyezaliwa Bukima nilipoona tu neno Butiama kwenye anwani, nilianza kuhisi kwamba hapakuteleza kidole chochote. Hata hivyo nilimpigia sajenti. Alikuwa kikosi cha mbali, kusini, na nyuma yake nilisikia watu wakicheza mpira.

"Dada, pale panauliza nini?" alisema. "Panauliza baba. Baba yangu ni huyo. Ndiye aliyetoa ng'ombe kwa ajili ya mama. Ndiye aliyenilipia shule, ndiye aliyesimama siku natahiriwa. Nikiandika mwingine nitakuwa nimelidanganya jeshi."

"Ungeandika mlezi, afande."

"Mlezi ni mtu aliyekuokota. Mimi sikuokotwa. Nilizaliwa nyumbani kwake."

Nilimshukuru, nikakata simu. Kwetu Mara jambo hili lina jina: nyumba ntobhu. Mwanamke amefiwa na mume, hana mtoto wa kiume, lakini ana ng'ombe na mji, yaani boma lake. Anamtolea mahari binti, binti anaolewa katika nyumba ile, na watoto atakaowazaa ni wa nyumba ile. Aliyetoa ng'ombe ndiye anayesimama mahali pa baba. Mwanamume aliyehusika hatajwi. Wanaomjua hunyamaza kwa adabu. Wanawake wale wawili kwenye benchi walikuwa mume na mke kwa hesabu ya ukoo, na walikuwa wameishi hivyo kabla sajenti hajazaliwa.

Meja alinisikiliza hadi mwisho, kikombe mkononi.

"Rudisha Ke," alisema.

"Nikirudisha Ke, afande, mfumo unamkataa kuwa baba. Mstari unafungwa, hatoki na rufaa."

"Basi mweke Mama. Mambo yaishe."

"Nafasi ya mama ni moja. Nikimweka yeye, yule aliyemzaa sajenti anatoka. Na anachukua dawa za presha hapahapa kwetu."

"Mlezi?"

"Inataka hati ya mahakama."

Alifikiri. "Mama mkwe?"

"Wa nani, afande?"

Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka kazini. Kisha akaweka kikombe. "Umewaona nyumbani kwao?"

"Bado."

"Nenda. Mchukue na koplo. Nikiweka saini, iwe juu ya kitu kilichoonekana."

Kesho yake gari la zahanati lilitupeleka Butiama, tukawarudisha na wale wanawake wenyewe, maana walikuwa wamelala kwa jamaa mjini. Koplo alikaa mbele na dereva. Tulipoacha lami akageuka nyuma.

"Dada," aliniambia kwa sauti ya chini, "nikifika nimwamkieje? Shikamoo baba?"

Mzee alikuwa kiti cha nyuma lakini masikio yake yalikuwa mazima. "Niite bibi, mura," alisema, akimwita kijana kwa lugha ya kwetu. "Ubaba wangu ni wa ng'ombe na wa karatasi."

Mji wao uko mbele kidogo ya Mwitongo, penye majabali, na njia inapinda kuyazunguka. Nina tabia ya kuangalia mahali kabla sijauliza swali, kwa sababu mtu akishaulizwa huanza kupanga majibu. Niliona kiti kimoja chenye mgongo, kimewekwa mlangoni mwa zizi, mahali ambapo ng'ombe lazima wapite mbele yake. Bibi alikiendea bila fimbo, akakaa. Funguo zilikuwa kiunoni mwake. Mkewe alipotaka sukari ghalani, alikuja kuinama pale kiunoni, akafungua fundo, akaenda, akarudi, akazifunga tena, na wote wawili hawakusimamisha maneno yao hata kidogo.

Jirani aliingia akitafuta dume la kulimia. Alimkuta mama wa makamo kwanza, akamweleza shida yake.

"Muulize mwenye mji," mama alijibu, akaendelea kupepeta.

Jirani akaenda hadi kwenye kile kiti, akavua kofia. Bibi akamuuliza shamba lipi, lina mawe au halina, nani atashika jembe. Akamkatalia yule dume mwekundu, akampa mweusi. Koplo alikuwa amesimama kando akitazama yote hayo, mikono nyuma, kama yuko gwaride.

Tulipewa chai. Mbele yangu palikuwa na ungo wa ulezi, nikasema unaonekana mzuri.

"Zamani nilikuwaga napepeta mimi," alisema bibi. "Sasa nimenyang'anywa."

"Sikukunyang'anya," alisema mkewe. "Nilikupumzisha."

"Anayepumzishwa ni ng'ombe mzee, kabla hajachinjwa."

"Mwambie basi mgeni ulichofanya."

"Kulikuwa na wageni wa mahari. Nikasema nisaidie kazi. Nikapepeta, nikaona nimemaliza. Watu wakala ugali wangu, wakatafuna mchanga. Hakuna aliyesema neno. Nilisikia tu meno." Akageuza uso upande wa zizi. "Mimi sijawahi kulisha mtu mchanga hapa. Na hawa ng'ombe, sasa nawajua kwa kikohozi. Mtu akinibadilishia ndama, nitamshukuru."

Nilichukua nilichotumwa: nakala ya kitambulisho, barua ya mwenyekiti wa kitongoji iliyosema nani mwenye mji na nani mkewe, alama ya kidole. Kisha akaniuliza swali nililokuwa naliogopa.

"Binti, shida iko wapi hasa? Niambie nielewe."

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba njia ya haraka ilikuwepo: kumwandika yeye kuwa mama. Rufaa ingetoka siku ileile.

"Na huyu?" Alinyoosha fimbo moja kwa moja mahali mkewe alipokaa, hakukosea.

"Angetoka kwenye orodha."

"Dawa zake za presha?"

"Angenunua dukani."

Mkewe alianza kusema kwamba si neno, atanunua, presha yenyewe imeshuka. Bibi alimkatiza kwa lugha yao ya nyumbani, maneno machache, kisha akanirudia kwa Kiswahili ili pasiwe na shaka.

"Huyu nilimtolea ng'ombe, akaja hapa mbele za watu. Simtoi kwenye orodha ili mimi nione. Nikimwona, nitamwona kwa jicho gani? Kama hakuna njia nyingine, niacheni tu nikae hapa mlangoni."

Koplo alisogeza kikombe chake, kisha akakirudisha palepale.

Njia nyingine ilikuwepo, na tangu Jumanne nilikuwa naizunguka. Ndani ya mfumo kuna sehemu inaitwa maelezo ya pekee. Mkuu wa zahanati anaweza kuandika kwamba taarifa ni sahihi ingawa inavunja sheria, akaweka saini, na mstari ukafunguka. Hatukuwahi kuitumia. Sababu ni kwamba mfumo unaruhusu lakini hausahau: mstari huo unabaki kwenye orodha ya makosa kila Jumatatu, na zahanati inabaki nyekundu. Na wakaguzi wa makao makuu walikuwa wanatarajiwa karibuni.

Tulirudi Musoma jua likiwa bado juu. Meja alikuwa anamaliza wagonjwa wa mchana. Nilimweleza jinsi maelezo ya pekee yanavyofanya kazi, na rangi itakuwaje.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka sheria ya mfumo ibadilishwe. Au mpaka asiwepo."

Alitazama mlangoni, upande wa dirisha la dawa, ingawa kutoka pale alipokaa jedwali halionekani. Kisha akamwita koplo.

"Wewe ulikwenda. Umeona nini?"

Koplo alisimama wima. "Afande, ule mji una mwenyewe. Ni yule bibi. Hata dume halitoki bila yeye."

"Kwa hiyo ulichobadilisha siku ile?"

"Nilifuta kosa, afande. Kumbe halikuwa kosa."

Meja alivuta kibodi. Alichapa kwa vidole viwili, polepole, mimi nikisoma juu ya bega lake: Taarifa hii imehakikiwa nyumbani kwa mhusika. Ni sahihi. Isibadilishwe. Akaweka saini, akanipa kiti chake nichape rufaa. Karatasi ilitoka kwenye printa, upepo ukataka kuichukua, koplo akaiwekea kiganja. Uhusiano na askari: Baba. Jinsi: Ke.

Alhamisi asubuhi gari liliwapitia Butiama, likatupeleka wote Bunda. Foleni ya macho ilikuwa imefika nje, wazee wenye fimbo na wajukuu wao, na wakulima wa pamba waliokuja na vumbi lao. Nesi yule yule alikuwa mezani. Alisoma, akainua macho.

"Hapa mmekosea tena."

"Soma chini," nilimwambia.

Akasoma maelezo ya Meja. Akasoma tena. Kisha uso wake ukafunguka. "Ala! Kumbe ni mambo ya nyumbani! Shangazi yangu wa kule Nyamuswa ana nyumba ya hivi." Akamgeukia bibi kwa sauti kubwa, kama watu wanavyowasemesha vipofu. "Bibi, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Uliniuliza? Wewe uliniambia tu mimi ni mwanaume."

Watu wa foleni walicheka, naye nesi akacheka nao, akampigia muhuri.

Sikuwepo chumba cha upasuaji, wala sina la kusema juu yake. Nilikuwepo Ijumaa bandeji ilipotolewa, kwa sababu nilitakiwa kuchukua majibu ya rufaa, na ningeyachukua hata kama yangetumwa. Daktari aliinua vidole, akamuuliza bibi ni vingapi, bibi akajibu. Akaambiwa atazame dirishani, akatazama. Kisha yeye mwenyewe, bila kuambiwa, aligeuza kichwa upande alioketi mkewe. Alimtazama muda mrefu. Mkewe alianza kuvuta kanga yake, akaiweka sawa begani, akaivuta tena.

"Kumbe umezeeka hivi," alisema bibi.

"Ulidhani nilisimama nakungoja?"

"Nywele zote nyeupe. Na hukuniambia."

"Ungefanya nini? Ungezipepeta?"

Walicheka mpaka daktari akamwomba bibi asitikise kichwa.

Jumatatu iliyofuata orodha ilitoka na mstari mmoja, na jedwali jipya likaja na sisi ni nyekundu. Koplo alilibandika mwenyewe, akalinyoosha pembe zote. Meja alipita na chai yake, akasimama kama kawaida, akaendelea. Wakaguzi walipokuja waliuliza, naye akawafungulia maelezo ya pekee wakasoma. Mmoja alikuwa mtu wa Tarime, mkoa wetu huuhuu. Hakuuliza zaidi.

Tangu hapo ninapigiwa simu na kijana wa makao makuu ambaye sijawahi kumwona. Ana sauti ya heshima, anasoma orodha kama mimi ninavyoisoma, kwa hiyo simlaumu.

"Dada, lile kosa lenu la Butiama bado lipo."

"Lipo."

"Mtalisafisha lini?"

Juzi aliponiuliza hivyo nilikuwa nikimwona mwenye kosa kupitia mlango wazi. Bibi alikuwa amekuja na mkewe, huyu kwa dawa zake za presha, yeye kwa dawa ya matone. Mkewe alikuwa dirishani. Bibi, asiyeweza kukaa bila kukagua mahali, alikuwa amesimama mbele ya ukuta, uso karibu na jedwali, fimbo chini ya kwapa.

"Nitakupigia," nilimwambia kijana.

"Mura," bibi alimwita koplo, "hiki chekundu hapa ni nini? Vingine vyote ni kijani."

"Ni wewe, bibi."

Alisogea nyuma hatua moja, jinsi mtu anavyosogea kumtazama ndama aliyezaliwa leo, akakiangalia vizuri.

"Nakiona," alisema.